Nyumba Tupu Haihesabiwi

Vijana wangu mnaoingia sasa katika kazi ya wadudu wa majini, nimeombwa niwaandikie mambo machache kabla kumbukumbu hazijaanza kunichezea. Nimekubali kwa sharti moja, nisiulizwe shahada zangu, maana sina. Nitaanza na mchele.

Kwetu Lindi tulizaliwa wavulana watupu. Mama yangu hakujaliwa binti. Baba alishinda dukani, na mchele wa zama zile ulikuja na mawe, mawe hasa, ya kuvunja meno. Kwa hiyo jioni, wenzangu wakicheza mpira, mimi nilikaa barazani na sinia mapajani nachambua. Walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. "Bi harusi, kitaiva saa ngapi?" walinipigia kelele wakipita. Mama aliniambia niwaache, nitazame mchele, na kwa kutazama sana nikapata jicho linaloona jiwe kabla akili haijajua kwamba ni jiwe. Sikufikiri hata siku moja kwamba jicho hilo ndilo litakalonilisha Kanada.

Nilipofika Toronto nilibeba maboksi, nikafagia korido, nikasimama kwenye kibanda cha maegesho nikipuliza vidole. Kisha nikasikia kwamba kuna maabara inatafuta mtu wa kuchambua. Kuchambua nini, sikuuliza. Nilisikia neno hilo tu nikaenda.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niieleze kwa wale watakaosoma bila kuijua. Watu wanakwenda mtoni, wanasimamisha wavu kwenye mkondo, wanavuruga mawe kwa mguu, na kila kinachoinuka kinaingia wavuni: mchanga, majani yaliyooza, vijiti na wadudu. Vyote vinatiwa kwenye chupa ya spiriti na kusafirishwa. Mjini kuna mtu anayemimina chupa hiyo kwenye sinia nyeupe na kutenga wadudu na takataka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikimaliza, wadudu wanakwenda kwenye hadubini wapate majina, na mwisho wa yote pale walipokamatwa panatiwa nukta kwenye ramani. Nukta hizo ndizo zinazotuambia nani anaishi wapi katika nchi hizi za baridi, kuanzia mito ya huku kwetu mpaka kule juu ambako miti inakuwa mifupi na kisha inakwisha.

Mkuu wa chumba kile aliitwa Helvi, mama wa Kifini aliyezaliwa huko huko kaskazini, mrefu, mwenye maneno machache. Hakuniuliza cheti. Alinimiminia chupa moja kwenye sinia, akanipa kibano, akasema, "Toa wadudu." Akaenda kunywa kahawa yake.

Basi nikachambua. Mkono ulikwenda wenyewe, nikajiona niko barazani kwetu. Helvi aliporudi alikuta upande mmoja wadudu, safi, na upande wa pili takataka. Na pembeni kabisa, kwenye ukingo wa sinia, nilikuwa nimekusanya vijiwe vyote, vyembamba virefu kama punje za mchele, tayari kutupwa. Ndivyo mama alivyonifundisha, mawe yanakaa ukingoni. Helvi aliwatazama wadudu akaridhika. Kisha akayaona mawe yangu, akavuta kiti.

"Hivi umevitenga kwa nini?"

"Ni mawe," nikamjibu, tena kwa kujiamini.

Akachukua kimoja, akakichana kwa sindano. Ndani alikuwamo mdudu mweupe, laini, amejikunja, kichwa chake kidogo cheusi.

Nilitamani sakafu inimeze. Yule ni mdudu ambaye akikua huruka na kufanana na nondo mdogo, lakini utoto wake wote anaishi chini ya maji, na humo majini anajijengea nyumba. Anaokota chembe za mchanga moja moja, anazishikamanisha kwa uzi unaotoka mdomoni mwake, mpaka anapata kibomba cha mawe anachokivaa na kukiburura kila aendako. Mke wangu baadaye aliwaita wajenzi, na mimi nitawaita hivyo humu. Mtoto yeyote wa Kifini angeweza kumwona mdudu pale. Ni mtu aliyelelewa na mchele wenye mawe tu ndiye angewakusanya wajenzi wote, bila kumkosa hata mmoja, na kuwaweka upande wa kutupwa.

Helvi alicheka mpaka akavua miwani. Nilikaa naye miaka mingi baada ya hapo na sikumbuki kama aliwahi kucheka hivyo tena. Akafuta macho, akaniambia nije Jumatatu.

Jumatatu hiyo alinipa sheria mbili, nami nawapa nyinyi. Ya kwanza, kisichomo chupani hakimo kwenye ramani. Hata kama umekiona kwa macho yako, hata kama babu yako alikiona. Ya pili inahusu wajenzi peke yao. Nyumba zile za mchanga ni imara kuliko mwenyewe. Mjenzi akishatoka au akifa, nyumba inabaki, inabingirishwa na maji misimu na misimu, inafika mahali ambapo yeye hakuishi kamwe. Kwa hiyo ukiichana ukakuta hamna mtu, itupe. Nyumba tupu haihesabiwi.

Msidhani kazi ilikuwa huzuni tupu. Spiriti peke yake ilinipa visa vya kutosha. Mtu ukishinda juu ya masinia yale, harufu inaingia kwenye koti, kwenye nywele, mpaka kwenye soksi. Nikitoka kazini napitia msikitini moja kwa moja, na nikaanza kuona kwamba kila nikisimama kwenye safu, jirani yangu anasogea kidogo. Haukupita muda, mzee mmoja wa jamaa zetu akamwita mke wangu pembeni, akamwambia kwa upole kwamba wanamwombea mumewe aache pombe. Sakina alirudi nyumbani anacheka hadi anashika ukuta. "Baba Abbasi," akaniambia, "umma mzima unakuombea dua. Hebu na wewe uonyeshe dalili za kupona, basi." Kuanzia hapo alinishonea koti la kazini na koti la msikitini.

Safari yangu ya kwanza ya kaskazini ni yeye pia aliyeniokoa. Tulipelekwa kwa ndege ndogo inayotua juu ya ziwa, na tulipofungua mlango ukatupokea usubi. Nyinyi mnaosoma vitabu mtasema usubi ni mdudu wa mtoni kama wengine, mtoto wake anakaa kwenye maji yaendayo kasi, ana nukta zake kwenye ramani. Sawa. Lakini mkitaka kumjua hasa, nendeni kule mwezi wa sita bila kufunika masikio. Wenzangu walikuwa na kofia za wavu walizonunua dukani, na usubi ulipenya. Mimi Sakina alikuwa amenitia kanga yake kwenye begi, "ya kujifutia tu." Niliizungusha kichwani na shingoni, nikabakisha macho, nikaingia mtoni. Siku ya pili walikuwa wananitazama kwa wivu. Siku ya tatu Helvi, Mfini yule na ukimya wake, akanijia akauliza kama ninayo nyingine.

Huko kaskazini ndiko nilikojifunza kusoma ramani yetu. Mnaweza kuona ukurasa mweupe mkadhani hakuna kitu. Weupe ule hausemi kwamba mdudu hayupo. Mara nyingi unasema hakuna aliyefika akainama akageuza jiwe. Nilichukua muda mrefu kulielewa jambo hili, na nimeona watu wenye majina makubwa ambao hawakulielewa hadi wanastaafu. Halafu kuna nukta za aina mbili. Nukta nyeusi, iliyojaa, maana yake mdudu yupo hapa, tumemwona juzijuzi. Duara tupu, mstari wa nje peke yake, maana yake aliwahi kuwapo. Nilipoanza kazi maduara matupu yalikuwa machache, nami sikuyatilia maanani.

Sasa niwaambie habari ya chemchemi.

Tulikuwa tunaishi Weston, pembeni mwa Toronto, na mimi bado naishi pale, kwenye moja ya yale majengo ya zamani ya kando ya Mto Humber, treni za uwanja wa ndege zinapita na vyombo vinacheza kabatini. Jumapili moja ya kiangazi tuliteremka mtoni na watoto. Sakina alikuwa amemenya machungwa, mikono inanata, akaona kijito chembamba kinatoka kwenye ubavu wa kilima kwenda kuungana na mto. Akainama kunawa. Akapiga ukelele.

"Baba Abbasi! Njoo ushike haya maji. Yanakata!"

Nikashika. Jua lilikuwa linachoma, mto wenyewe umekuwa vuguvugu, na maji yale yalikuwa baridi kama yametoka chini ya barafu. Maji ya chemchemi yako hivyo. Yanatoka ardhini, hayajui kiangazi wala baridi, mwaka mzima ni yale yale. Kwa mazoea ya kazi nikageuza jiwe. Chini yake walikuwa wamejipanga, nyumba zao ndogo za mchanga zimeelekea upande mmoja, kila moja na mwenyewe.

Nilimpelekea Helvi wachache chupani. Alikaa nao kwenye hadubini asubuhi nzima, kisha akaja mezani kwangu akasimama tu. Mjenzi yule alikuwa anamjua, lakini alimjua wa kule kwao, kwenye mito inayomiminika kuelekea Ghuba ya Hudson. Hakuwahi kusikia ameonekana huku chini kwenye mji. Mchana alikuja mwenyewe, akavua viatu, akaingia kwenye kile kijito na suruali yake ya ofisini.

Alitueleza pale pale, Sakina akiwa amekaa juu ya gazeti na chupa yake ya chai. Zamani sana nchi hii yote ilikuwa chini ya barafu. Barafu iliporudi nyuma kuelekea kaskazini, wadudu wa baridi waliifuata, maana hawawezi maji ya moto. Lakini hapa na pale, kwenye chemchemi kama hii, baadhi walibaki. Jamaa zao walikwenda, wao wakabaki kwenye maji haya yasiyojua kiangazi, wakazaana humo humo mpaka leo.

Nilimfasiria Sakina sehemu alizokosa. Akawatazama wale wadudu kwa muda.

"Sisi tumetoka kwenye joto tukaja kwenye baridi," akasema. "Na hawa wa baridi wamebaki kwenye joto. Basi tumekutana njiani."

Ramani ya zama zile ilikuwa ya karatasi, na nukta zilitiwa kwa wino. Helvi alinipa kalamu akaniambia niitie mwenyewe. Ilikuwa nukta ya kusini kuliko zote za mdudu yule, iko peke yake huku chini, mbali na wenzake. Nilirudi nyumbani nikamwambia Sakina kwamba tumo kwenye ramani, akaniuliza kama wameandika na jina la aliyenawa mikono.

Kuanzia mwaka huo, theluji ikishayeyuka na njia ikikauka, tulikwenda kuwaamkia. Ikawa desturi yetu. Yeye anabeba chai ya tangawizi na visheti, mimi nabeba sinia nyeupe na kibano. Lakini hakuniruhusu nigeuze jiwe hivi hivi. Kwanza yeye anainama juu ya maji na kuita, "Hodi, hodi wenyewe!" Ndipo nigeuze. Nilimwambia wadudu hawasikii Kiswahili. Akasema hata wanawe hawakisikii, wanajibu kwa Kiingereza, na bado anawabishia hodi.

Mnapaswa kujua kwamba mjenzi akikaribia kuwa mkubwa hujifungia. Anaigandisha nyumba yake juu ya jiwe, anaziba mlango kwa kijiwe, na humo ndani anabadilika polepole mpaka apate mabawa. Ukimwona amefunga, huwezi kujua kwa kutazama kama ni mzima au amefia ndani. Njia ni moja, kuchana, na ukichana umemuua. Mwaka wa pili Helvi alitaka mmoja aliyejifungia ili ahakikishe jina, nami nikatoa sindano pale pale kijitoni. Sakina alinishika mkono.

"Umebisha hodi?"

"Tumeshabisha."

"Na wamejibu? Mlango umefungwa huo. Kwetu unabisha mara tatu, wakinyamaza unarudi ulikotoka. Humfungulii mtu mlango wake."

Nilimchana yule mdudu, kazi ilikuwa kazi. Sakina alifunga chupa yake ya chai tukaondoka. Baadaye nilijaribu njia ya upole. Nilichukua waliojifungia na jiwe lao nikawatia kwenye chupa ya achari iliyooshwa, nikaficha kwenye friji nyuma ya maziwa, nikisubiri watoke wenyewe. Wote walikufa. Wanataka maji yanayotembea, hawataki maji yaliyofungwa hata yawe baridi namna gani. Na Sakina alipoigundua chupa siku ya wageni, akidhani ni achari ya ndimu, hayo nitawaachia mfikirie. Nawaambia ili msijaribu.

Wakati huo mchele wa Kanada ulikuwa unakuja kwenye magunia safi, hauna hata kijiti. Sakina aliuchambua hata hivyo, sinia mapajani, redio inaongea. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema mkono hautulii. Naikumbuka picha hiyo kuliko picha zote za harusi yetu.

Helvi alistaafu, akarudi kaskazini kwao, akafia huko. Nami nikastaafu. Tuliendelea kwenda chemchemini wawili sisi, na kila mwaka tuliwakuta wachache kuliko mwaka uliopita. Juu ya kilima walikuwa wametandaza maegesho ya magari. Majira ya baridi lami humwagiwa chumvi ili watu wasiteleze, na mvua ya kwanza inaiteremsha yote. Na kiangazi kimekuwa kirefu, hata maji ya ardhini yanapata habari zake. Sakina alikuwa wa kwanza kulisema. Aligeuza jiwe, akalirudisha, akageuza lingine.

"Mtaa unahama," akasema.

Mwaka ule moyo wake ulipoanza kumchosha, tuliingia na kutoka hospitali tangu baridi. Theluji ikayeyuka, njia ikakauka, na sisi tuko wodini. Siku moja akaniuliza kama nimeshakwenda kwa wajenzi. Nikamwambia siendi bila yeye, tutakwenda akitoka. Akasema, "Wasije wakadhani tumewasusa." Hakutoka. Tulimzika wakati maua ya miti ya Humber yanaanza kupukutika.

Baada ya hapo sikwenda. Msinilaumu. Niliweza kupita karibu na kile kilima na mfuko wa maziwa mkononi na nisiteremke. Nikawa najiambia kwamba maadamu sijaenda kutazama, wamo.

Masika haya ndipo nikapigiwa simu na Makena. Makena ni msichana wa Etobicoke, ng'ambo ya Humber, wazazi wake ni wa Meru, na siku hizi ndiye anayetunza ramani yetu, ambayo sasa imo kwenye kompyuta. Kiswahili chake ni cha nyumbani na hukichanganya, lakini huwa ananisalimu nacho kwanza kwa heshima yangu.

"Shikamoo Uncle. Samahani kukusumbua. Tuna-update ramani yote, na iko nukta moja huku Weston, imeandikwa wewe ndiye uliileta. Hakuna mtu ame-check kwa miaka. Niweke nini?"

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Uncle? Ukiniambia bado wako, naandika wako. Mimi nakuamini."

Hiyo ndiyo iliyonilemea, kwamba angeniamini. Ningesema ndiyo, na nukta ingebaki nyeusi mpaka nife, na hakuna ambaye angekwenda kunisuta. Ilikuwa nukta yangu na ya Sakina. Kaburini kwake pana jiwe, lakini mahali tulipokuwa sisi wawili, pakaandikwa, ni pale tu.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia.

Nilikwenda asubuhi. Nilipika chai ya tangawizi, sijui kwa nini, Sakina ndiye aliyekuwa akikijua kipimo chake, ikawa kali. Kushuka kilima nilishikilia vichaka kama mlevi, yule mzee wa msikitini angeniona angeanza dua zake upya. Kijito kilikuwapo. Kilikuwa kimepungua upana. Nikatia mkono. Yalikuwa maji ya baridi, lakini hayakukata.

Niligeuza jiwe la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Nikavuruga mchanga mbele ya sinia, nikasubiri maji yatulie, nikavaa miwani. Na nikaziona. Nyumba! Zilikuwa nyingi, vibomba vya mchanga vimelala kwenye sinia nyeupe kama zamani, nikatamka jina la Sakina kwa sauti. Nikachukua ya kwanza kwa kibano nikaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa tupu. Nikachukua ya pili. Niliinua moja baada ya nyingine, mkono unakwenda wenyewe, na kila moja niliiweka ukingoni mwa sinia, mahali pa mawe. Wadudu upande wa pili hawakuwapo. Nilimaliza sinia nzima na rundo lote likawa ukingoni, kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakukuwa na Helvi wa kuvuta kiti aniambie nimekosea.

Nililia pale, nisiwafiche. Nililia kwa sauti, na mtu aliyekuwa akipitisha mbwa wake juu ya njia alisimama kisha akaendelea na safari yake.

Nilipokuwa narudisha mawe mahali pake, maana jiwe lolote ulilogeuza unalirudisha, nikaona kwenye ubavu wa moja nyumba iliyogandishwa. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa kijiwe. Alikuwa mmoja peke yake.

Mnaona sasa nilivyokuwa. Akiwa mzima, nukta inabaki nyeusi. Sindano nilikuwa nayo kwenye mfuko wa shati. Sheria ya Helvi inataka awe chupani. Na hata angekuwa mzima, nilijua, angetoka na mabawa yake jioni moja, akaruka juu ya kijito kizima, na asimkute mwenzake. Wajenzi wanahitajiana ili waendelee. Huyu angekuwa anatoka kwenda kwenye mtaa uliokwisha kuhama. Nilikaa na lile jiwe mapajani, maji yananitiririka kwenye suruali, na nilielewa vizuri kuliko ninavyopenda kuelewa jinsi kesho yake itakavyokuwa.

Nikainama nikabisha. "Hodi." Nikasubiri. "Hodi wenyewe." Maji yalikuwa yanapita tu. Nikabisha mara ya tatu.

Kisha nikalirudisha jiwe ndani ya maji, upande ule ule lilivyokuwa, mlango ukielekea mkondo.

Nilimpigia Makena nikiwa bado nimekaa pale kilimani.

"Nyumba zipo," nikamwambia. "Tupu zote. Moja imefungwa."

"Imefungwa? Uliifungua?"

"Sikuifungua, mwanangu."

Anaijua kazi, sikuhitaji kumweleza. "Uncle, siwezi kuweka 'labda' kwenye ramani."

"Najua. Weka duara tupu."

"Are you sure? Naweza kungoja. Naweza kuja na wewe next week."

"Makena, weka."

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta, kisha akasema pole sana Uncle, kwa sauti ya mtu aliyefiwa pamoja nami. Kuibadili nukta hakukuchukua hata muda wa kumeza mate.

Kwa hiyo vijana wangu, mkiifungua ile ramani mtaona huku chini kabisa, mbali na wenzake, duara dogo lililo wazi kando ya Humber. Ni sahihi kwa sheria zote za kazi na msiliguse. Ila mnapofundishwa maana yake, na mwalimu akawaambia kwamba hapa waliwahi kuwapo na sasa hawapo, kumbukeni kwamba mzee mmoja aliuona mlango umefungwa na hakuufungua. Kaskazini bado wako wengi. Nendeni mkainame, mkageuze mawe, na mrudishe kila jiwe mlipolikuta. Kanga msisahau.

Nilipanda kilima polepole, nikavuka reli, nikaingia kwenye lifti na suruali inadondosha maji. Sakina hakupenda mtu afungue mlango kwa ufunguo wakati yeye yumo ndani; alitaka abishiwe, aitikie "Karibu mwenyewe," ndipo aje kufungua. Nilisimama mlangoni kwangu na sinia kwapani. Nikabisha hodi mara tatu, kisha nikakumbuka, nikatoa ufunguo.